Majina ya Babu Zetu Yasipotee

Mtakatifu Mathayo aianza Injili yake kwa orodha ndefu ya majina, toka Abrahamu hadi Yosefu mume wa Maria, akiyagawa mafungu matatu ya vizazi 14. Wasomaji wengi huyapita upesi. Lakini ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kuhesabiwa ukoo, je, yatufaa sisi kuusahau wetu?

Huku Bengamisa, na katika vijiji vya njia itokayo Kisangani kwenda Banalia na Buta, wazee ndio watunzao habari za ukoo. Lakini wazee hufa, na vijana huenda mjini kutafuta masomo na kazi. Huko kijana na msichana hupendana, wasijue kwamba babu zao walizaliwa tumbo moja. Sheria ya Kanisa yakataza ndoa ya watoto wa ndugu wawili, isipokuwa kwa ruhusa, na desturi za kabila nyingi zakataza hata ndugu wa mbali zaidi. Ni uchungu mkubwa uchumba kuvunjika siku ndoa inapotangazwa kanisani, kwa kuwa bibi mmoja amelitambua jina.

Yupo msaidizi mmoja ambaye wengi hawamkumbuki: kitabu cha ubatizo. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, maparoko wameagizwa kuandika ubatizo na ndoa. Kitabu hicho chataja jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi wake, siku na mahali. Pembeni huongezwa Kipaimara, na ndoa au upadre. Lakini katika nchi yetu kitabu hakifiki mbali. Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika Stanley Falls mwaka 1897 tu. Tena mwaka 1964 misioni nyingi ziliporwa vitani. Kwa habari za kale zaidi, hatuna budi kurudi kwa wazee.

Anayetafuta na awe mwangalifu na majina. Kwetu jina la mtoto mara nyingi ni lake mwenyewe, wala si la baba yake. Ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina mbalimbali. Tena, tangu mwaka 1972 hadi 1990, serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo. Basi mtu aliyeandikwa Petro kanisani hana Petro katika hati zake za serikali za miaka ile.

Mfano ulio bora ni Mwenye Heri Anuarite, aliyezaliwa karibu na Wamba mwaka 1939. Jina lake la kuzaliwa ni Nengapeta, naye alibatizwa Alfonsina. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Alipoingizwa shule, mtawa aliyeandika majina alikosea, na jina likamshika. Katika utawa akaitwa Maria Klementina. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa mwaka 1985. Angetafutwa kwa jina moja tu, mtafutaji angepotea. Majina ya wazazi, kijiji na tarehe ndivyo vinavyomtambulisha.

Wala tusikimbilie maana ya jina kwa kusikia sauti tu. Ajuaye Kilingala aweza kudhani kwamba Bengamisa ni kuita watu kwenye Misa. Jambo hilo lapendeza masikioni mwa Mkristo, lakini mfanano wa sauti si ushahidi. Wenyeji waulizwe kwanza.

Basi twawashauri wazazi na wanafunzi: chukueni daftari. Andikeni majina ya baba na mama, ni wawili. Ya babu na bibi, ni wanne. Ya wazazi wao, ni wanane. Jumla ni 14, kama fungu moja la Mathayo. Kando ya kila jina wekeni kijiji, ukoo na jina la ubatizo. Pasipojulikana neno, acheni nafasi, wala msibuni. Kisha mwendeni paroko kwa adabu, mkiwa na majina na mwaka mnaoukisia, mwombe awatazamie.

Kazi hiyo ni heshima kwa wazazi, nayo yaagizwa na Amri ya Nne. Na mwezi wa Novemba utakapofika, tukiwaombea marehemu, hatutasema tu "wazee wetu wote". Tutawataja mbele ya altare, mmoja mmoja, kwa jina lake.