Ngao na mto uliohamishwa

Nakiri kosa: wanafunzi wangu waliujua Mto Rhine kabla ya kuijua Ngao. Kijiji hiki cha Wapokomo, karibu na Garsen, kilipokea wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani mwaka 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi ya Kipokomo. Na je, mto wenyewe? Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Tana na Mto Ozi, hatimaye uliyameza maji, na kwa miaka mingi Tana uliingia baharini Kipini. Jembe lilihamisha mto! Wazee wanaojua mashamba ya mpunga yalifuata mkondo upi wanapungua. Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwao, na madaftari, kabla ya masika.