Sikio Kabla ya Ulimi

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Methali hii yafaa iwe somo la kwanza kwa kila mwalimu afundishaye wasaidizi wa sheria hapa Pwani. Wanafunzi wake si mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yawatambua, lakini kumtetea mtu mahakamani ni kazi ya wakili.

Basi wafundishwe nini? Kwanza, kusikiliza. Mjane aliyetolewa nyumbani na mashemeji haanzi na urithi; huanza na kilio. Aachwe amalize, ndipo aulizwe: cheti cha ndoa kipo? Cha kifo je? Hati ya kiwanja ina jina la nani?

Pili, kuujua mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imemwachia kadhi ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, iwapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Ugomvi wa mpaka wa shamba una mahakama yake.

Tatu, hesabu. Baada ya deni na wasia, Qur'ani imempa mjane thumni marehemu akiacha mtoto, na robo asipoacha. Mjane huambiwa, "Ngoja arubaini ipite, mama," na arubaini ikageuka miaka. Msaidizi asiyeijua thumni naye atamwambia asubiri. Aijuaye atamwongoza kwa kadhi, makaratasi mkononi.

Fungu la mjane lilikwisha kukatwa zamani, wala si hisani ya shemeji. Lililobaki ni kumfikishia, na hiyo ndiyo kazi ya darasa hili.