Usimwambie "kali sana", mwambie ulitoa mji wapi

Mwezi uliopita nililala siku mbili Cheptiret, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, pale wanaposhukia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi. Nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu. Baridi ya huko, kwa mtu aliyezoea joto la Mombasa, ni adhabu. Usiku hatukuwa na pa kwenda, basi akaniwekea mchezo kwenye laptopu yake. "Mjomba, huu utaupenda. Una merikebu."

Unaitwa Return of the Obra Dinn. Uliutengenezwa na Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, na ukatoka mwaka wa 2018. Merikebu ya biashara inarudi Uingereza mwaka 1807 bila mtu hai ndani yake. Wewe ni mkaguzi wa bima, na kazi yako ni kujua nini kiliwapata watu 60: nani alikufa, vipi, na kwa mkono wa nani. Umo Mhindi, Mchina na Mrusi, na unawatambua kwa lafudhi, kwa mavazi, hata kwa namba ya kitanda cha kamba. Ukibahatisha hupati kitu, maana majibu huthibitishwa matatu matatu.

Picha zake ni za kizamani kwa makusudi. Hakuna rangi za kawaida, ila vidoti vya giza na mwanga kama kompyuta za miaka ya 1980. Ukigeuza kichwa mchezoni, vidoti vile vingeweza kucheza mbele ya macho mpaka mtu akaumwa. Pope alitoa jaribio la mwanzo kwa umma mapema, mwaka 2014, akawa anaandika hadharani anachokitengeneza na kinachomshinda. Kutuliza vidoti peke yake kulimla kama saa mia. Mimi nilicheza usiku kucha, macho hayakulalamika, na wala nisingejua kuna mtu aliyahangaikia.

Kumbe mpwa wangu alikuwa na lake. Yeye na wenzake wawili wametengeneza mchezo wao mdogo wa upelelezi, wa vijimraba kama ile michezo ya kaseti tuliyochezea utotoni. Pesa za chama zimetoweka usiku stima ilipopotea, na mchezaji anapita vyumba sita vya ploti akimtafuta aliyezichukua. Waliutuma kwa marafiki. Akanionyesha majibu kwenye simu: "Kali sana." "Moto!" "Haina mpango." Mmoja alitaka waongeze bunduki na magari. Kijana alikuwa karibu kuuacha. Muhula mzima ameumalizia hapo, na hajui kama kazi yake ni nzuri au mbaya.

Hapa ndipo watu wengi hatuelewi. Kwetu tulilelewa kumsifu mtoto wa mwenzio, na aliyepika haambiwi chumvi imezidi. Adabu hiyo naipenda, lakini mchezo wa fumbo unaiumia kuliko mchezo wa mpira au wa kukimbiza magari. Aliyeutengeneza anamjua mwizi tangu siku ya kwanza, na hawezi kujisahaulisha. Kila dalili kwake iko wazi kama mchana. Anahitaji macho ya mtu asiyejua, na mtu asiyejua hutumika mara moja tu. Akishamaliza, naye anajua. Kwa hiyo kila rafiki aliyejibu "kali sana" ni shahidi mmoja aliyekwisha kutumika bila kuhojiwa.

Fikiria kitendawili. Mtu anatega, mnahangaika, mkishindwa anasema nipeni mji. Mtegaji mzuri huangalia mlikwama wapi kabla ya kuutoa mji. Hicho ndicho anachokitaka mtengenezaji: ulikuwa chumba gani, ulidhani nini, ulimshuku nani na kwa nini, na ni lini ulichoka. Dawa mwachie yeye. Yule wa bunduki huenda alichoshwa kweli na chumba cha pili. Lakini angesema amechoshwa, si kuagiza bunduki.

Na suala hili lina pesa ndani. Kwenye duka la Steam, mnunuzi anaweza kuurudisha mchezo ndani ya siku 14 ikiwa ameucheza chini ya saa mbili. Mtengenezaji asiye na kampuni nyuma yake akimpoteza mtu katika saa ya kwanza, amempoteza na shilingi zake.

Katika majibu yote ya mpwa wangu, moja tu lilikuwa na maana, na yeye alilichukulia kama matusi. Msichana wa darasa lake aliandika kwamba alizunguka chumba cha tatu dakika arubaini, akaizima laptopu na kulala, kwa kuwa hakujua redio iliyo juu ya kabati inaweza kuwashwa. Alidhani ni pambo.

"Ameshindwa yeye, mjomba. Redio inaonekana kabisa."

"Inaonekana kwako," nikamwambia. "Hebu niweke mimi nicheze, nawe ukae nyuma yangu usiseme neno."

Nilipita mbele ya redio ile mara nne. Mara ya pili nilimsikia akivuta pumzi. Mara ya nne alinyoosha mkono akachukua daftari.