Kupimiwa Miwani si Kuchunguzwa Macho

Mlaji aliyesoma herufi ukutani, akajaribishiwa lenzi mbili tatu na kukabidhiwa miwani, amepimiwa miwani, hajachunguzwa macho. Tunaisisitiza tofauti hiyo kwa sababu ya glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ugonjwa huu kwa kawaida huharibu neva ya jicho polepole, bila maumivu, na uoni wa pembeni ndio hutangulia kupotea. Mgonjwa anaweza kuusoma ubao wote ilhali sehemu ya neva imekwisha kufa. Kilichopotea hakirudi.

Ubao huo, uliobuniwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, una kazi yake. Husomwa jicho moja moja, kwa kawaida kutoka mita 6. Matokeo ya 6/18 yana maana kwamba mteja huona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Karatasi inayotolewa na mashine ya kompyuta, kwa upande wake, ni makadirio tu. Haina budi kufuatiwa na lenzi za majaribio.

Hatua zifuatazo ndizo rahisi kurukwa. Presha ya ndani ya jicho hupimwa kwa mpulizo wa hewa, au kwa kifaa kinachogusa jicho baada ya kutiwa matone ya ganzi. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo namba nzuri pekee haitoshi, kwani wapo wenye glakoma ambao presha yao haijapanda. Ndiyo maana mtaalamu hulazimika kuitazama neva yenyewe, nyuma ya jicho, kwa kifaa chenye mwanga. Pengine atatia matone ya kupanua mboni. Uoni huwa na ukungu kwa saa kadhaa, hivyo usiende ukiendesha gari wala pikipiki.

Kabla ya kulipa, uliza iwapo presha itapimwa na neva itatazamwa. Mwenye umri unaozidi miaka 40, mwenye kisukari, au mwenye ndugu wa damu aliyepata glakoma asiridhike na jibu la juu juu. Tunashauri pia uombe vipimo vyako kwa maandishi, vikiwa na tarehe na jina la mtaalamu. Ukiwa navyo, unaweza kulinganisha bei za miwani katika maduka mengine.