Korongo, Bonde na Matembezi ya Kutwa

Wafasiri wengi hudhani kuwa istilahi ngumu ni zile za maabara na mahakama. Lakini hata tangazo fupi la matembezi laweza kumtoa mfasiri jasho, na akikosea, madhara humpata msomaji. Hebu tutazame mfano wa njia ya matembezi iliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, Marekani.

Njia hiyo, iitwayo Riverside Walk, ina urefu wa kilometa 3.5 hivi, kwenda na kurudi. Imesakafiwa, nayo hufuata ukingo wa mto Virgin katikati ya kuta za mawe. Inapokoma, watakao kuendelea huingia majini. Huko mbele kuta hufikia kimo cha meta 300, na pengine upana wa mto ni meta 6 hadi 9 tu.

Mahali kama hapo wengi hupaita "bonde". Neno hilo ni pana mno, kwani bonde laweza kuwa na mashamba, vijiji na nafasi ya kukimbilia. Lifaalo ni "korongo", yaani ufa mrefu uliochimbwa na maji, wenye kingo zilizosimama wima. Kwamba korongo ni ndege pia si kizuizi, kwa kuwa muktadha huondoa utata.

Kuta zenyewe ni za "jiwe la mchanga". Zamani sana zilikuwa vilima vya mchanga wa jangwani, kisha chembe zake zikagandamana zikawa mwamba. "Mchangawe" hautufai hapa, maana huo ni mchanga wenye changarawe, wala si mwamba.

Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo tunapendekeza iitwe "matembezi ya kutwa", kwa mfano wa "shule ya kutwa". Ama usemi "njia rafiki kwa familia", huo ni tafsiri sisisi. Njia haina urafiki na mtu. Yatosha kusema "njia iwafaayo wenye watoto".

Sasa tufikie onyo, ambalo ndilo kiini cha tangazo. "Mafuriko" peke yake humkumbusha msomaji maji yapandayo polepole mashambani. Katika korongo maji huweza kufika kwa dakika chache, hata juu kukiwa na jua, kwa kuwa mvua imenyesha mbali. Septemba 2015 watu 7 walikufa hivyo katika korongo jingine jembamba la Zion. Septemba 2019 watu 7 walikufa katika korongo la hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, ingawa miamba ya huko ni ya volkeno. Kwa hiyo tunapendekeza "mafuriko ya ghafla", nalo neno "ghafla" lisiachwe kamwe.

Hata hivyo, istilahi sahihi bila maelezo haitoshi. Tangazo liseme waziwazi: "Maji yakigeuka kuwa ya tope, au mkisikia mngurumo kutoka upande wa juu wa mto, pandeni mahali palipoinuka mara moja." Mzazi aliyeshika mkono wa mtoto hana wasaa wa kutafuta kamusi.