Kosa Limepatikana, Mbona Bado Mnajaribu?

Umelipia token za stima saa mbili usiku. Pesa imekatwa lakini SMS ya token haijaingia. Unatupigia simu, tunakurudishia pesa yako, halafu siku mbili baadaye unauliza: "Kwani hiyo shida hamjaitengeneza?" Mara nyingi jibu letu ni kwamba kosa lilishapatikana na kurekebishwa, ila marekebisho bado yanajaribiwa. Jibu hilo haliwapendezi wengi, na tunaelewa. Basi leo tueleze siku hizo huishia wapi.

Tuanze na jinsi kosa linavyosakwa. Mfumo unaokuhudumia hatuusimamishi ili kuuchungulia, maana ukisimama hata kwa dakika moja kuna mtu amekwama kwenye kaunta na foleni nyuma yake. Tunatumia nakala ya mfumo yenye pesa za majaribio, ambazo si za mtu yeyote, na tunarudia kile ulichofanya. Nakala hiyo tunaiendesha chini ya debaga, yaani programu ya kuchunguzia programu nyingine ikiwa kazini.

Kompyuta hutekeleza mamilioni ya amri kwa sekunde moja, na kwa mwendo huo huwezi kuona salio limebadilika wapi. Kwa hivyo mhandisi huweka brekipointi. Ichukulie kama steji ya matatu: programu ikifika hapo lazima isimame. Ikisimama, mhandisi anaangalia: salio ni ngapi sasa? Ombi la token limeshatumwa? Kisha anairuhusu iendelee hadi steji inayofuata.

Steji yenyewe huwekwa kwa ujanja. Kwenye kompyuta za aina ya x86, ambazo ndizo nyingi katika seva, debaga huondoa baiti moja ya amri ya programu, huiweka kando, na mahali pake huandika baiti ya namba 204, ambayo kwa kompyuta hizo maana yake ni "simama". Ili safari iendelee, debaga inarudisha baiti ya asili, inasogeza nyuma kwa baiti moja alama inayoonyesha programu imefika wapi, inaacha amri moja tu itekelezwe, kisha inaweka tena ile 204 kungojea safari ijayo.

Hatua hizo zote zinafanyika kimyakimya, na yoyote ikirukwa kuna taabu. Chukua ile ya mwisho. Tuseme debaga imesahau kuirudisha 204. Programu itasimama mara ya kwanza, lakini mara ya pili itapita bila kusimama. Sasa fikiria mhandisi wetu anachunguza lalamiko la mtu aliyekatwa pesa mara mbili. Ameweka steji mahali pesa inapokatwa. Inasimama mara moja tu. Ataandika nini kwenye ripoti? "Mteja alikatwa mara moja." Na mteja anasema kweli.

Ndiyo maana hata debaga yenyewe inajaribiwa, tena na tena. Mfano mzuri ni GDB, debaga iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 na ambayo bado inatumika duniani kote. Inakuja na maelfu ya majaribio yake. Moja la zamani linatumia programu ndogo inayokokotoa 6 mara 5 mara 4 hadi 1, jibu 720. Jaribio linaweka brekipointi kwenye programu hiyo, linaiendesha, na kukagua: imesimama mahali penyewe? Orodha ya brekipointi inaonyesha zilizowekwa? Jibu la mwisho bado ni 720? Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini ukibadilisha kitu ndani ya debaga nalo likakataa, unajua papo hapo kwamba umeharibu kitu.

Na kuharibu ni rahisi kuliko unavyodhani. Ile hatua ya kusogeza alama nyuma inahitajika kwenye x86. Kwenye prosesa za ARM za biti 64, zilizo katika simu nyingi za kisasa, alama hubaki pale pale kwenye steji, hivyo hakuna cha kusogeza. Mtu akitengeneza tatizo la seva kwa kusogeza alama kila mahali, seva itapona na simu zitaumwa. Wahandisi wana jina la ugonjwa huu: kurudi nyuma. Dawa yake ni kurudia majaribio yote ya zamani kila mara kitu kinapoguswa, hata yale yanayoonekana hayahusiani kabisa.

Kwetu ni vivyo hivyo. Tukitengeneza tatizo la token, hatujaribu token peke yake. Tunarudia kutuma pesa, kutoa kwa wakala, kulipa kwa till, kurudisha pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo yake, na mtandao kukatika katikati ya malipo. Hili la mwisho ndilo hutuchelewesha zaidi, kwa sababu mtandao unaweza kukatika kabla ya ombi kufika, baada ya kufika, au jibu likiwa njiani, na kila mahali panahitaji jaribio lake. Likianguka moja tunarudi mezani. Afadhali ununung'unike siku mbili kuliko tutengeneze token halafu tuharibu mshahara wa mtu.

Lalamiko lako nalo, likishathibitishwa, hugeuzwa kuwa jaribio na kuongezwa kwenye orodha. Kuanzia hapo kila toleo jipya linapitishwa kwalo. Kwa hivyo ukituripotia tatizo, tupe nambari ya muamala iliyo kwenye SMS, saa, kiasi, na ulichobonyeza hadi lilipotokea. "Ilikataa tu" haitusaidii kulirudia.

PIN yako hatuihitaji. Majaribio yanafanywa kwa akaunti zetu za majaribio, kwa hivyo mtu akikupigia akidai anajaribu mfumo na anataka PIN, au anataka utume shilingi kumi "tuone kama inapita", huyo si wetu. Kata simu, kisha utuarifu nambari aliyotumia.