VUMBI LA NYOTA

Mpenzi msomaji, ukisimama Kajiado wakati wa kiangazi ukaona vumbi likipanda kule mbali, muulize mchungaji. Atakwambia palepale: ng'ombe wanakuja. Ng'ombe wenyewe hajawaona, ila vumbi amelisoma. Tena analijua jambo la pili: vumbi hutua. Likiwa bado liko hewani, basi aliyelitimua yuko papo hapo, hakupita jana.

Hebu tuichukue akili hiyo ya mchungaji tuipeleke angani.

Iko nyota iitwayo Tau Ceti. Ni ya jamii ya Jua letu, ila ni ndogo kidogo, na mwanga wake ni kama nusu tu ya ule wa Jua. Iko umbali wa karibu miaka 12 ya nuru. Yaani, mwanga wake unaouona leo uliondoka huko wakati sisi wa kidato cha tatu tulikuwa watoto wa miaka minne hivi.

Mwaka wa 2004, mwanasayansi Jane Greaves na wenzake walitangaza kwamba nyota hiyo imezungukwa na vumbi lililotandaa kama sahani. Walitumia darubini ya James Clerk Maxwell iliyoko Hawaii, juu ya mlima Mauna Kea. Darubini hiyo haipokei mwanga wa kawaida. Hupokea mawimbi yanayotolewa na vumbi baridi baada ya kupashwa joto kidogo na nyota yake.

Utauliza, kwa nini waone vumbi wasione mawe? Tufanye hesabu. Chukua jiwe la mraba lenye urefu wa mita 1 kila upande. Eneo lake la nje ni mita 6 za mraba. Livunjevunje liwe vipande vya milimita 1. Utapata vipande bilioni 1, na eneo lao lote ni mita 6,000 za mraba! Hapa Kitengela hizo ni karibu ploti 13 za hamsini kwa mia, kutoka jiwe moja tu. Ndiyo maana vumbi huonekana mbali na jiwe halionekani.

Sasa turudi kwa mchungaji wetu. Tau Ceti ni nyota ya mabilioni ya miaka. Vumbi halikai milele: chembe zilizo ndogo kabisa husukumwa nje na mwanga wa nyota, na nyingine huzunguka zikikaribia nyota polepole hadi zikaangamia. Vumbi la zamani lingekuwa limekwisha kitambo. Kama bado lipo, basi kuna miamba inayogongana hata sasa na kusagika. Greaves na wenzake walikadiria kwamba miamba na nyotamkia za huko ni zaidi ya mara 10 ya zile zinazozunguka Jua letu.

Hilo si jambo dogo. Mwamba mmoja ulioanguka duniani miaka milioni 66 iliyopita uliwamaliza dinosauria. Kama kuna sayari kule, huenda hupigwa mara nyingi zaidi. Ama kweli, utulivu wa Dunia yetu ni neema.

Lakini usidhani vumbi ni la wenzetu tu. Jua letu nalo linalo, na laonekana bila darubini. Mimi nililiona kwa nyanya yangu, ndani ndani huko Kajiado, kabla hakujapambazuka: mwanga hafifu mweupe umesimama upande wa mashariki kama hema. Nilidhani kunakucha, kumbe bado! Waislamu waliujua mwanga huo tangu kale. Wanauita alfajiri ya uongo, na haumzuii mtu kula daku. Ni miale ya Jua inayogonga vumbi la nyotamkia na miamba iliyosagika.

Kitengela sijawahi kuuona. Taa za barabarani, maduka na magari zimeufunika.

Basi ndugu msomaji, mwezi wa Desemba, saa mbili usiku, tafuta mahali penye giza. Tau Ceti itakuwa karibu na utosi, imeelekea kusini kidogo. Haing'ai sana, na vumbi lake hutaliona. Lakini utajua kwamba huko mawe yanagongana. Wahenga hawakukosea: dalili ya mvua ni mawingu.